Mkononi na Mezani: Wanafunzi wa Njia ya Tabora tangu Enzi za Misafara hadi Simu za Mkononi

Katika mijadala ya elimu kwa njia ya mtandao, nchini Tanzania na kwingineko, limekuwa likijirudia swali moja: je, mwanafunzi anayefuata kozi kwa simu ya mkononi anajifunza sawa na yule anayeifuata kwa kompyuta ya mezani? Swali hili huulizwa kana kwamba lilizaliwa pamoja na simu zenyewe, na majibu yake hutafutwa kwa wahandisi na wataalamu wa TEKNOHAMA. Mhadhara huu unalitazama kwa jicho la historia ya lugha, na unalipeleka mahali ambapo wengi wasingetarajia kulikuta: Tabora, na njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaelekea Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika njia hiyo, kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini, watu wamejifunza kwa namna mbili zinazotofautiana sana. Wapo waliojifunza wakitembea, chombo chao cha kujifunzia kikiwa kidogo au hakipo kabisa. Wapo pia waliojifunza wameketi mbele ya meza, daftari limefunguliwa na mwalimu yupo.

Ulinganisho huu haukukusudiwa kuwa pambo. Masomo mengi yanayotolewa leo na vyuo vya nchini kwa njia ya mtandao yanatungwa mezani na kusomwa mkononi, na mwenye kulipa gharama ya tofauti hiyo ni mwanafunzi, tena hasa yule aliye mbali na mji mkuu wa mkoa. Jambo la namna hiyo limewahi kutokea katika njia hii hii, na matokeo yake yanaonekana hadi leo katika Kiswahili chenyewe.

Shule ya njiani

Wanyamwezi walianza kushuka pwani na pembe za ndovu kabla wafanyabiashara wa pwani hawajajenga makazi ya kudumu katika nchi yao. Hoja kwamba Kiswahili kililetwa bara na watu wa pwani peke yao, kama mzigo unaofikishwa mlangoni, ni hoja nusu. Sehemu kubwa ya lugha hiyo ilifuatwa pwani na wenyeji wa bara wenyewe, wakarudi nayo. Misafara ya Wanyamwezi ilitoka wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na wengi walitaka kuwa wamerudi nyumbani kabla ya msimu wa kulima. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na msafara wa kawaida uliutembea kwa muda wa kama miezi mitatu. Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba: zaidi ya siku 130 njiani.

Pagazi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani hakuwa na mkono wa kushikia kitabu, hata kama angekuwa na kitabu cha kushika. Alijifunza kwa sikio. Alijifunza pia kwa vipande vizima, si kwa neno mojamoja: amri ya kuamka, amri ya kufunga mizigo, onyo la mwiba au shimo linalopitishwa kutoka kwa wa mbele hadi kwa wa nyuma, bei ya kuku, swali la maji yako wapi. Kila kipande kilirudi kesho yake, na keshokutwa, katika mazingira yaleyale. Jioni kambini yalikuja mazungumzo marefu zaidi, ugomvi wa posho, hadithi, na masimulizi ya safari zilizopita. Mwalimu wa pagazi alikuwa pagazi mwenzake aliyetangulia safari moja au mbili.

Ushahidi wa shule hiyo umo katika msamiati. Neno hongo, ambalo leo kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua kwa maana ya rushwa, katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru ambao misafara ilitoa kwa watawala wa nchi zilizopitwa, na Ugogo ilisifika kwa ushuru huo. Posho ilikuwa chakula au kitambaa cha kununulia chakula alichopewa mchukuzi kwa siku zake. Leo ni fedha anazodai mtumishi anayehudhuria semina. Mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa ajili ya kubebwa, na mitumba ya sokoni leo haijaenda mbali na maana hiyo. Maneno haya hayakuingia katika lugha kwa kupitia kamusi. Kamusi ziliyakuta yakiwa yamekwisha kukaa.

Lakini shule ya njiani ilikuwa na upungufu wake, na haifai kuusitiri. Kinachojifunzwa kwa vipande vizima hakichambuliwi kwa urahisi. Msemaji anayekijua kifungu cha maneno anaweza asijue viungo vyake, na upatanisho wa ngeli, ambao ndio uti wa mgongo wa sarufi ya Kiswahili, ndio unaolegea kwanza au kubadilishwa kwa mazoea ya lugha ya nyumbani. Kadiri njia ilivyoelekea magharibi, ndivyo mabadiliko hayo yalivyozidi. Mnyamwezi Msiri alipojenga utawala wake Garenganze, katika Katanga ya leo, na wafanyabiashara wa pwani walipokaa Nyangwe na Kasongo, Kiswahili kilichoota huko kilipata sura yake. Kiswahili cha Lubumbashi kinatumia ba- mahali ambapo pwani hutumia wa-, na jina Kingwana, lililotumiwa kwa aina za mashariki ya Kongo, linatokana na waungwana wa misafara. Wataalamu waliokuja baadaye na vitabu vya sarufi waliziita aina hizi Kiswahili kibovu. Ni hukumu ya mtu aliyeketi juu ya lugha ya mtu aliyetembea, na isimu ya leo haina sababu ya kuirudia.

Wachache kati ya waliotembea waliandika. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili alipokuwa amekwisha kustaafu Unguja. Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903. Sleman bin Mwenye Chande naye aliacha masimulizi ya safari yake ya bara, yaliyotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Msomaji wa maandishi haya huona mara moja jinsi vitenzi vya -ka- vinavyofuatana, tukio baada ya tukio, bila vishazi vingi vya kurudi nyuma kueleza sababu. Huo ni mtindo wa masimulizi ya Kiswahili kwa jumla, lakini katika simulizi za safari umefika kileleni.

Kuandika kukiwa njiani ni jambo jingine, na lina adha zake. David Livingstone, alipoishiwa na karatasi huko Nyangwe mwaka 1871, aliandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino wa kujitengenezea, mistari yake ikikatiza mistari ya chapa. Mwaka uliofuata alikaa miezi kadhaa Kwihara, karibu na Tabora, kabla ya kuondoka kwa safari yake ya mwisho mwezi Agosti. Kurasa zile za gazeti hazikusomeka vizuri hadi zilipopigwa picha kwa mbinu maalumu za mwanga, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Anayelalamika leo kwamba kioo cha simu ni kidogo mno kwa kuandikia ana wenzake waliomtangulia katika njia hii.

Meza zinafika

Meza ya kwanza ya lugha inayojulikana katika eneo la Tabora ni ile ya Burton. Katika kukaa kwake Kazeh, kwa msaada wa mwenyeji wake Snay bin Amir, alikusanya maneno ya Kiswahili, Kizaramo na Kinyamwezi, zile lugha tatu kuu za njia aliyoipita. Pembeni ya meza hiyo ilikuwapo shule ya namna nyingine. Speke hakujua Kiarabu, wala Kiswahili chake hakikutosha, kwa hiyo alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuishi India, naye Bombay akageuza maneno kwa Kiswahili, na kutoka hapo mwingine akayafikisha kwa lugha ya nchi. Mlolongo huo wote ulitegemea watu ambao hawakuwahi kukaa darasani.

Mwaka 1870 Edward Steere alitoa mjini London kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Steere alikuwa mtaalamu makini, na kazi yake ilitegemea masikio mazuri na wasemaji wazuri wa Unguja. Hata hivyo ilikuwa kazi ya meza: ngeli zimepangwa, vitenzi vimenyambuliwa, msamiati umeorodheshwa kwa alfabeti. Mmishonari aliyepanda bara na kitabu hicho alikuta lugha ambayo haikulingana nacho kila mahali. Wamishonari wa London walipofika Urambo kwa Mirambo mwaka 1879, na Mapadre Weupe walipopita Tabora mwaka mmoja kabla yao, kila kundi lilikuwa na Kiswahili cha kitabuni mkononi na Kiswahili cha wapagazi masikioni.

Johannes Fabian (1986), katika uchunguzi wake wa vitabu vya kujifunzia Kiswahili vilivyotumika Kongo, ameonyesha jinsi vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu wa kutoa amri. Vimejaa vitenzi vya kuamuru: lete, beba, fanya haraka. Inachekesha kidogo kwamba programu nyingi za kujifunzia kwa simu nazo humsemesha mwanafunzi kwa hali hiyohiyo ya kitenzi, bofya, jibu, endelea, ila sasa anayeamriwa ndiye anayejifunza.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Miezi mitatu ya njiani ikawa siku chache za kukaa kwenye behewa, na shule ya wapagazi ikafungwa bila tangazo. Ilichofuata ni shule yenye madawati. Shule ya Serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, kwa nia ya kuwafundisha watoto wa machifu, na ilipangwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Julius Nyerere, mtoto wa chifu wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere akarudi Tabora kufundisha shule ya Mtakatifu Maria kuanzia 1946 hadi 1949.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni mgawanyo wa lugha. Darasani ilitawala lugha ya Kiingereza. Wanafunzi walitoka katika makabila mengi ya Tanganyika, na lugha iliyowaunganisha nje ya darasa ilikuwa Kiswahili. Yaani meza ilisema Kiingereza na uwanja ukasema Kiswahili. Wakati huohuo Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa misingi ya Kiunguja, na Kiswahili hicho sanifu kikawa cha mitihani. Mtoto wa Tabora aliyekuja shule na Kiswahili cha babu yake pagazi aligundua kwamba lugha ambayo ukoo wake ulikuwa nayo kwa vizazi vitatu ilikuwa, kwa mujibu wa kalamu nyekundu, na makosa.

Barua na redio

Kati ya dawati na simu kulikuwa na vyombo viwili ambavyo historia ya elimu huvipita haraka, na hapa pia vitapitwa kwa ufupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianza elimu kwa njia ya posta chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Vijitabu vilifika kwa barua, majibu yakarudishwa kwa barua, na sahihisho likaja wakati mwanafunzi amekwisha kusahau alichoandika. Redio ilikuwa hodari zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza: redio moja, kijitabu, kiongozi wa kikundi, na mjadala baada ya kipindi. Chombo kilikuwa kidogo na cha kubebeka, lakini hakikuachwa kifanye kazi peke yake. Wapangaji wa kozi za leo wangefanya vyema kuisoma kampeni hiyo upya.

Kompyuta iliyokatazwa, simu iliyoingia

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya uzoefu mbaya wa mitambo ya hesabu katika Hazina. Katazo hilo lilikuja kulegezwa baadaye, lakini liliacha alama: kizazi kizima cha wasomi kilipata shahada zake bila kuigusa kompyuta. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1994. Mwaka huohuo, tarehe 19 Januari, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilizinduliwa rasmi, baada ya kuundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hapakuwa na uhusiano wowote kati ya matukio hayo mawili, na hakuna aliyedhani kwamba miaka ishirini baadaye kimoja kingekuwa mlango wa kingine.

Kwa sababu kompyuta ilichelewa kuingia na simu ikaenea upesi, Watanzania wengi hawakupita kwenye kompyuta ya mezani hata kidogo. Walifika kwenye intaneti kwa simu, na takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zinaonyesha kwamba karibu usajili wote wa intaneti nchini ni wa mitandao ya simu. Lakini kazi ya kuitayarisha lugha kwa ajili ya teknolojia ilifanywa kwa kuikabili kompyuta ya mezani. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft ikafuata kwa kiolesura chake cha Kiswahili mwaka 2005. Istilahi za kipindi hicho ni istilahi za mezani: kipanya, kabrasha, dirisha, eneokazi. Mtumiaji wa simu hana kipanya, na eneokazi lake ni kiganja.

Istilahi zilizodumu ni zile zilizofaa pande zote mbili, na baadhi yake zina mizizi ya kuvutia. Kupakia na kupakua yalikuwa maneno ya shehena kabla ya kuwa maneno ya mafaili. Mwanafunzi wa Urambo anayesema kwamba bado anapakua somo anatumia kitenzi ambacho babu yake angekielewa vizuri, ingawa angeuliza mzigo wenyewe uko wapi. Kwa upande mwingine, maneno bando, vocha, salio na laini hayakupitia kamati yoyote. Yalitoka madukani na vibandani, kama posho na hongo zilivyotoka njiani, na wala hayasubiri ruhusa. Kishikwambi ni mfano wa katikati: neno lililobuniwa na wataalamu, lakini likaingia vinywani mwa umma kwa kishindo wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo, na baada ya sensa vifaa vikagawiwa kwa walimu.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Sasa yafaa kurudi kwa mwanafunzi. Chuo Kikuu Huria kina kituo Tabora, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kimo mjini humohumo. Mwanafunzi wa masafa wa mkoa huu anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi Kaliua, karani Sikonge, au mfanyabiashara Nzega. Kompyuta za mezani ziko mjini, kituoni au chuoni. Simu iko mfukoni. Kwa hiyo uchaguzi kati ya vyombo hivi viwili, ambao katika nchi nyingine ni suala la upendeleo, hapa mara nyingi ni suala la nauli.

Somo lenyewe limeandikwa kwa ukurasa wa A4 na kuhifadhiwa katika faili la PDF. Katika kompyuta ukurasa unaonekana wote. Katika simu, msomaji ana njia mbili: auache ukurasa mzima uonekane, herufi ziwe kama chembe za mchanga, au aukuze, kisha auburute kulia na kushoto kwa kila mstari. Kwa maandishi ya kawaida hilo ni usumbufu. Kwa isimu ni hasara ya maana. Chukua kitenzi waliosomeshwa. Mhadhiri hukipanga katika mistari miwili, wa-li-o-som-esh-w-a juu, na chini yake, kila kimoja mahali pake, upatanishi, wakati uliopita, urejeshi, mzizi, usababishi, utendwa na kiishio. Elimu yote ya mfano huo imo katika kulingana kwa mstari wa juu na wa chini. Pale simu inapoikunja mistari ili itoshe kioo, utendwa unaweza kuangukia chini ya usababishi, na mwanafunzi mwangalifu akajifunza kosa. Aliyesoma mezani ameona mfano. Mwenzake wa simu ameona herufi. Ikitokea wote wawili wakapewa swali hilohilo katika mtihani, tofauti ya alama zao itahesabiwa kuwa tofauti ya akili.

Kuandika kuna shida yake. Insha ya kurasa kumi haiandikiki vizuri kwa dole gumba. Wanaojaribu huandika aya fupi, hurudi nyuma mara chache kusahihisha, na huachia programu ya simu iwapendekezee maneno, programu ambayo mara nyingi huyajua ya Kiingereza vizuri kuliko ya Kiswahili. Wengine huandika kwa mkono kwenye daftari, kisha hulipia kuchapiwa mjini. Mchapaji wa stationari hubadilisha maneno anayodhani yamekosewa. Ni nani basi mwandishi wa insha hiyo?

Hata hivyo ingekuwa makosa kuiona simu kama kompyuta iliyopungua. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, na kufunguliwa tena tarehe 1 Juni, vyumba vya kompyuta vilifungwa pamoja navyo. Simu haikufungwa. Na zipo kazi ambazo simu inazifanya na meza haiziwezi kabisa. Makundi ya WhatsApp ya wanafunzi ni mfano wa wazi. Somo limeandikwa kwa Kiingereza, lakini kundi hujadili kwa Kiswahili: mmoja huuliza dhana fulani maana yake nini, mwingine hujibu kwa sauti iliyorekodiwa akiwa kwenye daladala, wa tatu hupinga. Anayerudi kwenye historia ya Shule ya Tabora ataona mgawanyo uleule, meza kwa Kiingereza na uwanja kwa Kiswahili, isipokuwa kwamba uwanja sasa umo ndani ya kifaa. Wapangaji wa kozi wengi huyahesabu makundi haya kuwa kelele za pembeni. Waswahili husema mtembea bure si sawa na mkaa bure, na huenda sehemu kubwa ya ujifunzaji wa kweli inafanyika katika kelele hizo, na hakuna anayeipima.

Mfano mwingine unatoka kwa wanafunzi wa kigeni wa Kiswahili, nao unafaa kwa sababu chombo ni kimoja na sura zake ni mbili. Februari 2017 Duolingo ilitoa kozi ya Kiswahili, iliyotungwa kwa mchango mkubwa wa watu waliowahi kujitolea nchini Tanzania chini ya Peace Corps. Kwa miaka ya kwanza, maelezo ya sarufi yaliyoandikwa na watunzi hao yalisomeka katika kompyuta; katika programu ya simu hayakuwapo. Tena mazoezi ya kompyuta yalimtaka mwanafunzi aandike neno mwenyewe, herufi kwa herufi, na ya simu mara nyingi yalimpa vigae vya maneno yaliyo tayari avipange. Kwa Kiingereza tofauti hiyo ni ndogo. Kwa lugha ambishi ni kubwa mno. Anayegusa kigae chenye neno hawajatuandikia amemaliza sentensi nzima kwa mguso mmoja, bila kulazimika kujua kwamba mna ha-, wa-, -ja-, -tu-, na kwamba -i- iliyo karibu na mwisho ndiyo inayobeba maana ya kutendea. Aliyeliandika kwa baobonye amepita kila kiungo, hata kama alikosea mara tatu.

Mtu anaweza kusema kwamba mguso wa kigae ni sawa na pagazi kujifunza kwa vipande vizima. Ulinganisho huo una ukweli, lakini unasahau jambo moja. Kipande cha pagazi kilijibiwa. Alipouliza maji yako wapi alionyeshwa maji, au alichekwa, na kicheko nacho ni sahihisho. Kigae hutoa mlio wa kengele tu. Ndiyo maana pagazi, pamoja na upungufu wote wa sarufi yake, aliweza kuoa, kufanya biashara na kushtaki kwa Kiswahili mwisho wa safari zake, na mwenye vigae mara nyingi hawezi kuagiza chai.

Uga wa Kinyamwezi

Kuna pahali ambapo simu imemrudisha mwanafunzi wa isimu njiani kwa maana halisi. Kinyamwezi kina irabu saba na kina toni. Sarufi yake iliyoandikwa na Clement Maganga na Thilo Schadeberg ilitoka mwaka 1992, katika zama za kinasa sauti cha kanda. Leo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kwenda Uyui na simu yake, akarekodi mazungumzo ya wazee, akapiga picha ya kifaa kinachotajwa, na akamtumia msimamizi wake vyote kabla ya jua kuchwa. Kompyuta ya mezani haiwezi kwenda chini ya mwembe.

Lakini anapotaka kuyaandika aliyoyasikia, baobonye la kawaida la simu linampa irabu tano. Zile mbili za ziada lazima azitafute katika programu maalumu, na alama za toni zikifika kwenye simu ya mwenzake zinaweza kuonekana kama visanduku vitupu. Wengi huamua kuandika i na u, na kuahidi kwamba watarekebisha watakapofika kwenye kompyuta. Wengine hurekebisha. Kwa wengine, maandishi ya irabu tano ndiyo yanayobaki, yanapita kutoka kundi hadi kundi, na lugha ya irabu saba inaanza kuonekana katika maandishi kama lahaja ya Kiswahili.

Mwisho wa muhula mwanafunzi wa masafa wa Kaliua, aliyesoma muhula mzima kwenye kiganja, hupanda basi kuja Tabora mjini. Katika chumba cha mtihani simu haziruhusiwi. Anapewa karatasi, anatoa kalamu, na anaketi mezani.